Hesabu ya Mikia

Ambokile hulipwa kwa mkia.
Mia tano, mkia mmoja wa fuko,
mfupi kama kishikizo cha koti,
nami huuhesabu kibarazani
kabla sijafungua pindo la khanga.

Mwaka huu, masika yakiaga Uporoto
na udongo ungali laini,
alileta kumi na mmoja, wote madume.
"Wanatafuta wake," alisema, akijikwangua tope gotini.
"Fuko huishi peke yake, mama Tusekile.
Ana ghala lake, ana choo chake,
akikutana na mwenzake ni meno.
Ila miezi hii dume huchimba moja kwa moja,
hajui aendako, anajua tu kuna mtu."

Nilicheka, nikamlipa.
Usiku nikalala upande wangu wa kitanda.
Ule mwingine nimewekea magunia ya mbegu.

Akifika hukaa siku chache, kisha hufukuzwa.
Jike huziba njia kwa kifua,
akabeba mimba gizani, bila kalenda, miezi mitatu,
akiguguna mizizi ya pareto, akiburura viazi vyangu,
vyangu! kimoja kimoja, hadi ghalani kwake.

Julai. Sakitu imeunguza maharage.
Jembe likazama ghafla mpaka mpini
kama lililotoboa paa la mtu.
Chini, nyasi kavu zilizochambuliwa,
na watatu, wekundu, uchi,
kila mmoja sawa na kidole gumba changu.
Nikawagusa. Walikuwa moto.
Ekari mbili nzima, baridi ile,
hapakuwa na kingine chenye joto.
Na mama yao kwenye mdomo wa njia,
meno nje hata akifumba kinywa,
hanioni, ananisikia kwa tumbo.

Nilipiga hesabu, sikatai.
Mikia mitatu, na wake wa nne:
elfu mbili zisizotoka mfukoni.
Na gunia zima, msimu ujao.

Nikarudisha bonge juu yao kwa mikono,
nikalipapasa, nikahamia mstari mwingine.
Ambokile sikumwambia.

Novemba mvua ya kwanza ikapiga bati.
Asubuhi, vifusi vipya:
kimoja karibu na choo,
kimoja bondeni,
cha tatu kimevuka mpaka kwa Mwashambwa.
Kila mmoja ameshika njia yake
na nyuma yake pamezibwa.
Ameziba nani, mama au mtoto?
"Udongo ni uleule," anasema Ambokile,
na kutega mtego.

Tusekile amepiga simu kutoka Tunduma.
Amepata chumba, mlango una komeo.
Anauliza viazi. Nikasema vipo.
Salio likakata kabla sijauliza chochote.

Nikaenda hadi kifusi cha tatu,
nikakikanyaga kidogo kwa kisigino,
mara mbili, mara ya tatu,
si kukivunja.
Hodi tu.