Kura ya Mvua

Kwa kura kumi na nne dhidi ya saba
mvua ilimshinda Mungu.
Nilizihesabu mimi, kwa chaki, juu ya mlango wa zizi,
shambani kule nje ya Bromyard, Machi ya arobaini na tatu,
na Siegbert, aliyempigia Mungu kura kwa ajili ya babake tu,
akainama, akafuta, akauanza upya ukurasa wa tatu.
Palipokuwa *alitutoa*, tukaandika *tulitoka*.
Tofauti ya silabi kiduchu,
lakini usiku ule hakuna aliyelala upesi.

Hatukuwa na taipureta ya Kiebrania.
Alichora kila herufi kwa sindano ya gramafoni
kwenye karatasi ya nta, kulia kwenda kushoto,
akibana pumzi kama anayemtoa mtoto mwiba.
Karatasi za kuchapia alitupa mwenye shamba:
daftari kuukuu za hesabu za viazisukari,
ndiyo maana nyuma ya Bahari ya Shamu
hadi leo pana tani sita na ratili kumi
na jina la mteja ambaye hakulipa.

Mfupa wa kondoo tungeutoa wapi?
Tuliweka bitiruti ya kuchoma.
Mboga chungu tulizichimba kando ya mtaro;
uchungu haukuhitaji kuponi.

Bi Prosser, jirani, mtu wa kanisa,
alileta mayai manne ndani ya soksi ya mumewe.
Akafunua kurasa zilizonuka mafuta ya mashine.
"Na Mungu yuko wapi humu?"
Tukatazamana.
Hannelore akamwonyesha picha ya ngano.
Akaikagua, miwani puani.
"Haya. Ila masuke haya
kayachora mtu asiyewahi kuvuna."

Kisha Manfred, mdogo wetu kuliko wote,
sauti yake bado haijaamua iwe ya nani,
akasimama kuuliza maswali manne, akaongeza la tano:
"Usiku mwingine wote twakamua kwa zamu.
Usiku huu, nani atakamua?"
Hilo hatukuliandika. Jibu halikuwemo.
Na kweli ng'ombe walikuwa wakilia, viwele vimewajaa,
naye Hannelore akavuta buti, akatoka na kitabu kwapani.
Tulimsikia huko zizini akisoma kwa sauti,
aya kwa aya,
akitungoja penye viitikio.

Ukurasa wa tisa.
Baadhi walitaka majina ya miji yetu.
Baadhi walisema, tukiyaandika tutakuwa tumekubali.
Ujumbe wa mwisho wa mama ulikuwa maneno ishirini na tano,
Msalaba Mwekundu haukuruhusu la ishirini na sita,
nao ulikuwa wa mwaka wa juzi.
Hatukupiga kura.
Siegbert alichukua karatasi pekee
zilizokuwa safi pande zote mbili,
akazipitisha mashineni tupu, mara ishirini na moja,
akizungusha mkono polepole
kana kwamba kuna kinachochapwa.

Ukurasa wa mwisho uliahidi:
mwaka ujao, Galilaya, shambani petu.
Wengi walikwenda. Siegbert alikwenda,
akawa akiniandikia habari za migomba, kisha za magoti yake,
kisha akaandika binti yake.
Mimi niko Hereford.
Nimeuza vifungo na zipu miaka thelathini na minane,
na mume niliyempata hapa alidhani Galilaya ni jina la mtaa.

Kila Pasaka nakitoa kabatini.
Wino umekuwa rangi ya chai.
Nafika penye *tulitoka* na kusita,
kama mtu aliyefunga mlango
akakumbuka jiko.

Ukurasa wa tisa, mwaka juzi,
mjukuu wangu aliuchora paka kwa kalamu ya buluu.
Sikumkemea.
Nilimuuliza tu paka anaitwa nani.
Akasema hajui, ndiyo kwanza amefika.