Pikipiki Isiyokohoa

Mimi ugonjwa huusikiliza.
Naegemeza bisibisi kwenye bloku ya injini,
mpini naubana sikioni, nafumba macho:
vali imelegea, nasema,
au beringi ya pili imekula mafuta machafu.
Miaka ishirini na sita hapa Kariobangi,
nyuma ya wauza vyuma chakavu,
nimelisha watoto wanne kwa sikio la kulia.
La kushoto lilikwenda zamani
na grainda ya jirani yangu Obura.

Jumanne Gathogo akaleta pikipiki ya umeme,
ingali na nailoni kitini.
"Musembi, imegoma."
Mguu wangu ukatafuta kiki ya kuwashia,
ukakanyaga hewa.
Mkono ukatafuta kabureta
kama mgeni anayepapasa swichi gizani
katika nyumba ya watu.
Nikaegemeza bisibisi. Nikafumba macho.
Kimya.
Si kimya cha injini iliyokufa, hicho nakijua,
kina joto lake na harufu yake.
Hiki kilikuwa kimya cha kitu
ambacho hakijawahi kusema.

Gathogo akaangalia simu.
Watu huangalia simu wanapokuonea haya.

Jioni nikaenda ukumbi wa kanisa,
ambako Nasimiyu hufundisha mafundi bila ada,
mradi uje na kalamu
na kifaa kimoja kilichokushinda.
Nilikaa nyuma, na fundi redio wawili
na mama anayechomelea mageti kule Dandora.
Nasimiyu na kisanduku changu cha spana ni rika moja.
Akasema volti, akasema ampea.
Nami nikaandika: kasi ya maji. Upana wa bomba.
Akapita, akasoma begani mwangu.
Nikangoja kicheko.
Akarudi ubaoni, akafuta mchoro wake,
akachora bomba langu.

Kisha akanipa mita yenye sindano mbili,
nyekundu na nyeusi.
"Gusa huku na huku, baba.
Waya ukiwa mzima, utasikia."
Nikagusa.
*Tiii*, ikasema,
nami nikatii:
macho yakajifumba yenyewe.

Asubuhi, waya baada ya waya,
*tiii, tiii,*
Obura kazima grainda aje kutazama,
*tiii,*
na ule wa saba, mwekundu,
pale shingo ya usukani inapopinda,
haukujibu.

Ulikuwa umesagika ndani, nje mzima,
kama watu fulani ninaowajua.
Nikauunga. Gathogo akapanda,
akaondoka bila moshi, bila mlio,
na bila kulipa, kwa kuwa sikujua niseme bei gani.
Waya mmoja unauzwaje?
Hilo nitaliuliza Alhamisi.

Betri sijaigusa. Nasimiyu anasema mwezi ujao,
tena na glavu, tena yeye akiwepo.
Mita yenyewe nimeazimwa tu.
Naitia mfuko wa kulia,
upande wa sikio zima.