Njia Ndefu ya Kanisani

Babu yetu Bachisio hakuwahi kula fava.
Aprili ikifika, maua meupe yenye doa jeusi
yakichanua nyuma ya nyumba za kijiji,
yeye huzunguka njia ndefu kwenda kanisani,
kitambaa puani, kama mtu anayekwepa mdai.
Sisi tukimcheka. Maringo ya uzee, tulisema.
Mama alimpikia sahani yake mbali na zetu,
bila kuuliza, kama alivyofanya mama yake.

Kisha Barore, kitinda mimba, miaka saba,
akala bakuli zima kwa jirani, mabichi, kwa chumvi.
Siku ya pili macho yake yalikuwa manjano,
mkojo wake rangi ya divai.
Shangazi Mallena akatafuta ngano na maji ya baraka
aondoe kijicho. Baba akatafuta funguo za gari.
Oristano, saa nane za usiku,
damu ya mtu tusiyemjua ikamwingia tone kwa tone.

Elia, kaka yetu, alikuwa amekula bakuli lilelile.
Hata chafya hakupiga.

Nilimpelekea swali hilo mwalimu Porcheddu.
Hakunipa jibu, alinipa glasi.
"Sukutua kwa maji ya chumvi, tema humu.
Sasa sabuni ya vyombo, tone moja:
inavunja utando wa seli kama inavyovunja mafuta."
Akafungua chupa ya kwao, pombe kali ya zabibu
iliyolala katika barafu tangu jana,
akaimimina taratibu ukingoni.
Tukangoja. Pale maji yalipokutana na pombe
ukazuka ukungu, ukawa nyuzi,
nyeupe, zenye utelezi, hazina uzuri wowote.
"Hiyo ndiyo DNA yako," akasema, akifunga chupa haraka
kabla mkuu wa shule hajainusa.

Herufi nne tu, zikirudiwa mabilioni ya mara.
Katika kromosomu ya X ya Barore
herufi moja imekalia kiti cha mwenzake,
ndani ya jeni inayoagiza kimeng'enya kidogo,
mlinzi wa chembe nyekundu.
Mlinzi akipungukiwa nguvu, fava huingia,
na chembe hupasuka kama mapovu.

Babu ana X moja, na ndiyo hiyo.
Kila binti aliyemzaa alimpa; hakuwa na nyingine ya kutoa.
Mama anazo mbili, ya pili ikamsitiri.
Kila mimba, sarafu ilirushwa gizani:
ya Elia ikaanguka huku, ya Barore kule.
Na sarafu haikumbuki jana.
Wangeweza kusalimika wote. Wangeweza kuugua wote.

Nilimchorea Mama mraba wa vyumba vinne
juu ya meza yenye unga.
Akautazama hadi maji ya pasta yakafurika jikoni.
"Kwa hiyo ni mimi."
Nikamwambia kitabu kinamwita mbebaji.
"Nimebeba ndoo, kuni, na ninyi watatu," akasema.
"Hilo nalo nililibeba. Mbona halikuwa na uzito?"

Babu akasikia, akaweka kisu cha jibini chini.
Mwaka wa homa ya vinamasi, akasema,
mtaa wa chini ulizika watoto kumi na mmoja.
"Mimi nilitetemeka siku mbili, nikaomba mkate."
Huenda kimelea cha malaria hakistawi
katika chembe dhaifu kama zake.
Huenda, asema Porcheddu,
na neno hilo hulitamka kwa heshima
kuliko wengine wanavyotamka amina.

Jumatatu damu yangu itakwenda Cagliari,
mashine iisome herufi kwa herufi.
Nusu kwa nusu. Nimeshapiga hesabu mara tisa
kana kwamba itachoka inipe jibu jingine.
Barore anauliza ikiwa ninayo, nitaacha fava?
Anaombea ninayo, mshenzi mdogo, apate mwenzake.

Leo Jumapili. Kengele ya pili imelia.
Kwenye njia ndefu, mbali na maua,
naona vitambaa viwili puani,
kimoja juu, kimoja kimefika kiunoni mwa cha kwanza,
na hakuna anayecheka.