Mtoto wa Punda Hana Safu

Chama cha wenye punda, Langoni, Lamu,
kilitaka mizania yake ya kwanza
kabla ya mkutano wa Jumamosi.
Wakatupa kazi wawili, mimi na Badi Shekuwe,
meza moja, feni iliyokwama upande,
na ukutani, kwa rangi ya kijani iliyobaki ya milango:
Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mimi nilitoka.
Siku tisa, nyumba kwa nyumba, Mkomani hadi Gadeni,
nikiomba kuona walichoandika.
Madaftari thelathini na moja.
Moja la shule, mito ya Afrika jaladani;
moja nyuma ya kalenda ya duka la simiti;
moja si daftari, ni Bi Mwanashee mwenyewe,
aliyenisomea kichwani safari za miaka sita za mchanga,
na nilipomrudia hakukosea shilingi.
Nikaona mazoea yakijirudia kama nyayo:
pumba huandikwa, majani hayaandikwi;
dawa ya kidonda huandikwa, kidonda hakiandikwi;
punda akifa, mstari mmoja, kisha ukurasa mpya.
Nikasema: wafanyavyo wengi, hiyo ndiyo kanuni.

Badi hakuinuka kitini.
Alianza na karatasi tupu na swali:
hesabu hizi ni za nani, na zimwambie nini?
Akaandika: mali ni kile ulicho nacho leo
kitakachokuletea kesho.
Kutoka hapo akashuka ngazi,
akishika kila "kwa hiyo" kama ashikaye ukuta gizani.
Punda ni mali, kwa hiyo ana thamani;
kwa hiyo thamani inalika kila mwaka;
kwa hiyo gawa kwa kumi na mbili, sawa kwa sawa.
Hakunusa punda hata mmoja.

Tuligombana kwa adabu, kisha bila adabu.
"Kanuni yako ni safi kwa kuwa haijatoka nje."
"Na yako ni kosa lililorudiwa mara thelathini na moja.
Mtaa mzima ukisahau, kusahau ni sheria?"

Sikujibu. Nikamfungulia daftari la Famau:
mwaka wa kwanza, mizigo miwili kwa siku;
mwaka wa tatu, minne,
kwa kuwa punda sasa yuajua njia
na hurudi jetini peke yake.
Uko wapi hapo uchakavu wa sawa kwa sawa?
Badi akafuta mstari, polepole, kama ang'oaye jino.

Ijumaa usiku jike la Bi Mwanashee likazaa.
Alfajiri tukaenda wote wawili,
safari ya kwanza ya Badi kutoka kitini,
kutazama miguu ile kama penseli, manyoya mabichi.
Nikapekua madaftari yangu: wamezaliwa wangapi?
Hata mmoja. Wametokea tu, wakubwa,
wamebeba simiti, kana kwamba jeti iliwateremsha.
Badi hakusema "nilikwambia."
Alisema, "Mali. Lakini ya bei gani?"
Na hapo ufafanuzi wake ukanyamaza,
na mazoea yangu hayakuwa na safu.

Bi Mwanashee akacheka.
"Andikeni akishaacha kunyonya. Nusu yao hawafiki."
Nusu. Hayo ni aliyoyaona, au ni kanuni?

Mizania ilisomwa, ikapigiwa makofi ya kuchoka.
Upande wa mali, chini kabisa,
kuna mstari mmoja wa penseli:
mtoto wa punda, mmoja,
na penye thamani, tundu la kifutio.