Deni la Springi

Kaka yangu Rusovu huendesha boti ya wagonjwa,
Kalya hadi Kibirizi, faiba nyeupe, mashine mbili.
Mimi hufungua pikipiki ufukweni, chini ya bati;
mikono yangu hailijui ziwa, inajua nati.

Akirudi hatuulizani habari za safari.
Namwekea chai, natazama kikombe.
Kikitulia, ziwa lilikuwa shwari.
Kikilia kwenye kisahani, ti-ti-ti-ti,
najua amelibeba ziwa hadi mezani.

Usiku, asema wifi, kitanda nacho huunguruma:
mashine ilizimwa jioni, mwili haukupewa habari.

Watu wa ukaguzi walikuja na daftari.
Wakahesabu majaketi okozi: kumi na mawili.
Wakahesabu lita, wakahesabu plagi,
saa za kila mashine, na lini ibadilishwe oili.
Pingili za mgongo wa Rusovu hazikuwa na safu.

Maana maji ukiyapiga kwa kasi si maji tena.
Ni zege. Boti hupaa, hukaa hewani
muda wa kusema "Mungu,"
kisha huanguka na wewe ndani,
na kishindo hupanda uti wa mgongo
kikibisha hodi kila mlango mpaka kwenye meno.
Mara moja, si neno.
Lakini Kalya ni mbali, na mawimbi hayachoki kubisha.

Nikamwambia: lete kiti.

Nilikuwa na springi tupu
za pikipiki iliyogongwa Mwandiga.
Nikazichomea chini ya kiti, mbili mbili, nikajisifu.
Akaondoka alfajiri ameketi kama bwana harusi.
Akarudi ameshika shingo, anacheka kwa uchungu:
"Dada, umenipa farasi. Wimbi limenirusha mara moja,
springi yako ikanirusha mara tatu."

Nikakaa na chuma hicho, nikifikiri.
Springi haina huruma, ina kumbukumbu.
Unachoikopesha hukurudishia chote, saa ileile, usoni.
Kinachokosekana ni kile kibomba chembamba katikati,
oili inayopita kwa shida kwenye tundu dogo,
ikipata joto, ikinung'unika,
na ikifika upande wa pili imesahau ilichotumwa.
Shokapu. Kila bodaboda wa Gungu anayo,
akiruka mashimo na madumu ya mawese.
Nahodha hana.

Wiki nzima nikapima. Ngumu mno, ni benchi.
Laini mno, inagonga chini kwa ghafla: afadhali benchi.
Nikamkalisha Rusovu, nikamkalisha mtoto wa jirani,
nikamkalisha Buchumi muuza mkaa, kilo mia na ushee,
nikawaangusha mmoja mmoja kutoka juu ya tofali.
Na kaka nikamwambia, kunja goti,
punguza moto kabla boti haijapaa,
shokapu ya kwanza ni kiganja chako.
Akasema, "Mwambie hivyo mgonjwa anayevuja damu."
Sikuwa na jibu. Nikakaza nati.

Jumamosi kikawa tayari. Chekundu,
kwa mabaki ya ngozi ya kochi la mwalimu.
Alikaa. Akainuka. Akauliza zimebaki ngapi.
Nne, nikasema.

Akanionyesha sakafu ya boti,
godoro lililokwisha, limebaki na umbo la kiuno.
"Juzi nimeleta mwanamke wa Sibwesa, uchungu wa siku mbili.
Mimi nina usukani wa kushika.
Yeye alishika kifundo cha mguu wangu.
Kila wimbi alilihesabu kwa sauti.
Alifika mia nne na kumi,
kisha nikasikia mashine tu."

Nikatoa chaki sikioni.
"Lala," nikamwambia, "nikupime urefu."
Akalala palepale kwenye mbao,
kaka yangu mkubwa, mikono kifuani.
Nikachora kichwani, nikashuka hadi visiginoni.
Mstari ukatoka umepinda.
Ziwa lilikuwa shwari.