Nukta Juu ya E

Dirisha namba tatu, Jumanne. Upepo wa Agosti
umeingiza vumbi la Nala mpaka chini ya herufi za kibodi.
Wamekaa mbele yangu na kikaratasi cha hospitali:
mama, Sechelela Lameck Chipanha, wa Mvumi Makulu,
baba, mzungu mrefu aliyeungua pua,
na mtoto wa siku arobaini na moja, amelala.

Jina la ukoo?
Kalvaitis, anasema baba. Naandika kwake.
Naandika kwa mtoto. Anatikisa kichwa.
Mtoto ni Kalvaitytė.
Na mke wangu angelipenda kulichukua, angekuwa Kalvaitienė.
"Sikupenda," anasema Sechelela, akifuta kidevu cha mtoto.

Nikaweka kalamu chini.
Ukoo mmoja, mikia mitatu.
Fomu ya serikali ina kisanduku kimoja.

Maana yake, anasema, mwana wa mhunzi.
Huko Lithuania kuna babu alifua majembe,
majembe yameliwa na kutu miaka mingi,
nyundo bado inagonga ndani ya jina.

Nikanyamaza, maana nilijihesabu.
Mimi ni Nehemia Masima Ndahani.
Wanangu wanaishia kwa Masima.
Wajukuu wataishia kwangu,
na Ndahani, aliyechimba kisima Hombolo kwa sururu ya kuazima,
atakuwa ametoka kwa mlango wa nyuma
bila hata mbwa kubweka.
Kwao jina hubadili mkia likabaki.
Kwetu halibadiliki. Linaondoka zima.

Sisemi ipi ni bora. Foleni ilikuwa ndefu.

Jina la mtoto?
Rasa.
Ndiyo nini?
Umande.
Nikacheka, Mungu anisamehe. Umande, Dodoma, Agosti!
Hapa umande ni uvumi, husikika kutoka Kondoa.
Sechelela hakucheka. Akasema, bibi yake kule Mvumi
hawezi kungoja cheti, ameshampa la kwake:
anamwita Mvula.
Yule wa theluji na yule wa mtama
hawajawahi kuonana,
wote wawili wamemwita mtoto maji.

Nikaandika. Mashine ikakubali Rasa,
ikakubali Kalvaityt,
ikafika kwenye e yenye nukta, ikagoma.
Nikajaribu tena. Alama ya kuuliza.
Nikawaambia, hata mji huu walipouandika hawakuuandika wote:
wazee walisema Idodomya, pale alipozama tembo,
karani fulani akasikia alichosikia,
nasi tumezoea.

Baba akasema, basi, iache.
Alisema haraka mno, kama mtu anayelipa deni la mwingine.

Cheti kikatoka, bado kina joto.
Kanuni inakataza kuongeza chochote kwa mkono.
Nikachungulia mlango wa bosi. Umefungwa.
Nikachukua kalamu ya wino mweusi,
nikadondosha tone moja
juu ya e ya mwisho.

Kiache kikauke, nikasema.
Aliyefuata!