Ugwe

Nimesokota kamba miaka kumi na tisa, Ngomeni,
na sikujua kwamba nami nimesokotwa.

Mwaka wa ishirini wakanihamishia kwenye korona.
Jumanne moja mashine ikakohoa,
kipande cha chuma, kifupi kuliko kidole changu cha shahada,
kikaruka, kikaniingia mgongoni, kushoto,
pale ambapo mkono haufiki kujikuna.
Nilianguka juu ya singa mbichi.

Bombo, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
Bi Saumu Kilua, mtaalamu wa viungo,
akaja na pini, na uma wa chuma unaovuma,
na chupa mbili, ya maji moto na ya barafu.
"Funga macho, Mbelwa."

Akachoma mguu wa kushoto. Nikaruka kwa sauti.
"Basi uinue."
Nikauamuru. Nikauamuru kama mnyapara.
Ukalala palepale: pini umeisikia,
amri haujaisikia.

Akahamia wa kulia. Nikamwambia, nasubiri.
"Nimeshachoma mara nne," akasema.
Na mguu huohuo, aliposema inua, uliinuka
haraka, kama mkono wa mtoto anayejua jibu.

Nilidhani nimerogwa nusu.
Mke wangu Mwanahija hakudhani,
alikwishauliza bei ya mbuzi mweusi.

Kesho yake Bi Saumu alikuja na nyuzi za mkonge,
kapaka moja wino mwekundu, moja wa buluu, moja kaiacha.
"Ndani ya mfupa wa mgongo mna ugwe,
mwembamba kama kidole chako cha mwisho.
Humo wengine wanapanda, wengine wanashuka.
Huu mwekundu ni maumivu, na joto, na baridi.
Ukitoka mguuni ukaingia ndani ya ugwe
hausubiri: huvuka ng'ambo, ndipo upande.
Wa buluu ni mtetemo, na kujua gizani
kidole chako kimeelekea wapi.
Huo mvumilivu. Hupanda upande wake
mpaka kisogoni, ndipo uvuke.
Na huu mweupe ni amri. Unatoka kichwani,
unavukia kisogoni vilevile,
unateremka kwenye upande wa mguu wake.

Chuma kilikata kushoto, Mbelwa.
Kila aliyekuwa akipita kushoto amekwama:
amri ya mguu wa kushoto,
habari za vidole vyake,
na maumivu ya mguu wa kulia,
mgeni aliyevuka kulala nyumba isiyo yake
usiku ilipoungua."

Nikamwambia, unasokota vibaya.
Kamba hupindwa kinyume cha nyuzi zake,
ndiyo maana haifumuki.
Akacheka, akaniachia.
Mikono yangu iliifanya ile kazi bila kuniuliza.

Sasa niko Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
kigoda mlangoni, fimbo ya mkunazi.
Mwezi wa kwanza niliegemeza mguu wa kulia kwenye jiko la mkaa.
Nikasikia harufu ya nyama,
nikasema, leo jirani wana neema.
Kovu lake ni hili, kubwa kama kisahani.
Halijawahi kuniuma hata siku moja.

Tangu hapo, maji ya kuoga yakiletwa
naushika mguu wa kushoto kwa mikono miwili,
nauchovya kwanza.
Usiokwenda ndio unaoonja
kwa niaba ya ule unaokwenda.
Sijapata kuona ndugu wa namna hii.

Umeme ukikatika, mguu wa kushoto unapotea.
Najua ninao, sijui uko wapi.
Naupapasa shukani kama mtu anayetafuta funguo,
na Mwanahija, usingizini, ananiambia: huo wangu.

Juzi, baada ya adhuhuri, kidole gumba kilitikisika.
Cha kushoto. Nilikiona.
Nimemwita Mwanahija, akatazama sana,
akasema ni nzi.

Nimekitazama tena leo.
Nzi hakuwapo.